Parabole imefungwa kwa ukuta, satelite inakimbia: namna gani zinaonana kila siku?

Angalia paa na kuta za nyumba mu kartie yako, ikuwe ni Bukavu, Goma, Butembo ao Uvira. Parabole za televizion ni mingi. Ukichunga muzuri utaona jambo moja: zile za abonema moja zote zinaangalia fasi moja ya mbingu. Fundi alikuja siku moja, akageuza sahani polepole hadi picha ikatokea, akakaza buloni, akaenda zake. Tangu siku ile hakuna mutu anayeigeuza, na picha inaingia asubui, muchana na usiku.

Hapo ndipo swali linatokea, lile wasikilizaji wanatuuliza mara mingi: «Dunia inazunguka, satelite nayo iko mbali huko juu. Sasa juu ya nini parabole haigeuke na picha haipotee?»

Jibu fupi ni hili: satelite haijasimama. Inakimbia, tena mbio sana, lakini inakimbia sambamba na Dunia, bila kuipita na bila kubaki nyuma. Jibu refu linasaidia kwa mambo mawili. La kwanza, kujua kama picha inayokatika ni kosa la parabole ao ni kazi ya jua, mbele ya kutoa makuta kwa fundi. La pili, kuelewa juu ya nini mwaka 1976 inchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, ilisema kipande cha ile njia ya satelite ni chake.

Haielee, inaanguka

Watu wengi wanafikiri satelite inaelea sababu huko juu hakuna uzito. Haiko vile. Nguvu ya uvutano ya Dunia inafika kule na kupita. Hata mwezi, ulio mbali karibu kilometa 384,000, unashikwa na nguvu hiyo hiyo. Satelite ingesimama kweli kweli, ingerudi chini kama embe linaloachana na tawi.

Mwanasayansi Mwingereza Isaac Newton alieleza jambo hili tangu miaka ya 1600, akitumia mufano wa muzinga uliowekwa juu ya mulima murefu sana. Sisi tuchukue mulima wetu, Nyiragongo, na tuseme hewa haiko ya kuzuia kitu. Mutu mwenye nguvu ya ajabu anasimama kwenye kilele na kutupa jiwe kuelekea magharibi. Akitupa kidogo, linaanguka Sake. Akiongeza nguvu, linaanguka Walikale. Akiongeza tena, linafika Kisangani, halafu linavuka hadi bahari ya Atlantiki.

Sasa kumbuka kwamba Dunia ni ya muviringo. Kadiri jiwe linavyoenda mbali, udongo nao unajikunja na kushuka chini yake. Kukiwa na mbio ya kutosha, jiwe linaanguka, lakini udongo unashuka kwa kipimo kile kile. Linaendelea kuanguka bila kufika chini, na mwishowe linazunguka Dunia yote na kumupiga mutupaji kwa mugongo. Ile ndiyo satelite: kitu kinachoanguka kila sekunde, lakini kiko na mbio ya upande inayokizuia kufika chini. Haiitaji motere ya kuisukuma kila saa, sababu huko hakuna hewa ya kuipunguza mwendo.

Urefu ni moja tu

Kila urefu kutoka Dunia uko na mbio yake. Mutu hachagui apendavyo. Karibu na Dunia uvutano ni mukali, basi satelite inapaswa kukimbia sana ili isianguke. Kituo cha kimataifa cha anga, kile wanaanga wanaishi ndani, kiko karibu kilometa 400 juu. Kinaenda kilometa 28,000 hivi kwa saa, na kinamaliza muzunguko kwa saa moja na nusu tu. Mwezi wenyewe, kwa sababu uko mbali, unaenda polepole na unachukua siku 27 na kidogo.

Tuko basi na kitu cha karibu kinachozunguka kwa saa moja na nusu, na kitu cha mbali kinachozunguka kwa siku 27. Katikati yao lazima kuwe urefu ambapo muzunguko moja unachukua siku moja, ni kusema wakati ule ule Dunia inajizungusha mara moja. Hesabu inatoa urefu huo: kilometa 35,786 juu ya Ikweta. Hakuna mwingine.

Unaweza kuhakikisha kwa kalkulatrise ya telefone. Kutoka katikati ya Dunia hadi kwenye njia hiyo ni kilometa 42,164. Muviringo wake wote ni karibu kilometa 265,000. Mbio ya satelite huko ni kilometa 11,070 hivi kwa saa. Gawanya urefu wa njia kwa mbio: utapata saa 24 kasoro kidogo.

Kasoro hiyo si kosa. Dunia inajizungusha mara moja kamili kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Siku yetu ya saa 24 inapimwa kwa jua, toka saa sita ya muchana hadi saa sita ya kesho yake. Lakini wakati Dunia inajizungusha, inasogea pia kwa njia yake ya kuzunguka jua, basi inapaswa kugeuka kidogo zaidi ili jua lirudi fasi ile ile. Ile kidogo ndiyo dakika nne. Satelite yenyewe inafuata Dunia, haifuate jua, na ndiyo sababu inazunguka kwa saa 23 na dakika 56.

Chukua mufano wa rond-point Chukudu mu Goma. Mutu mumoja anazunguka kwa muguu karibu kabisa na sanamu. Mwenzake anazunguka na moto upande wa inje. Ili waendelee kuangaliana uso kwa uso, wa moto anapaswa kwenda mbio zaidi, sababu muviringo wake ni mukubwa, lakini wote wawili wanamaliza kwa wakati moja. Sisi ndio yule wa muguu: kwenye Ikweta udongo unatubeba kilometa 1,670 kwa saa bila sisi kusikia. Satelite ndiyo ile moto ya inje. Ikishuka chini ya urefu wake, itatupita kuelekea mashariki. Ikipanda juu zaidi, itabaki nyuma upande wa magharibi.

Urefu huo unalipisha wakati. Sauti inapanda karibu kilometa 36,000 na kushuka tena kiasi hicho. Hata kwa mbio ya mwangaza, ile ni robo ya sekunde. Ulizo likienda na jibu likirudi, inakuwa nusu ya sekunde. Ndiyo maana mutangazaji akiongea kwa satelite na mwenzake aliye mbali, unasikia ukimya mudogo mbele ya jibu. Mwenzake hajasita, sauti iko njiani.

Juu ya nini Ikweta

Mutu anaweza kuuliza: basi tuweke satelite moja juu ya Lubumbashi kabisa, ingine juu ya Paris. Haiwezekani. Uvutano unavuta kuelekea katikati ya Dunia, basi kila njia ya satelite inapaswa kuzungukia katikati hiyo. Satelite inayopita juu ya Lubumbashi, kusini ya Ikweta, itavuka Ikweta na kwenda kaskazini kiasi kile kile, halafu irudi. Ni juu ya Ikweta peke yake satelite inaweza kuzunguka bila kupanda kaskazini wala kushuka kusini.

Historia inaonyesha jambo hilo. Mu mwezi wa kumi 1945, Mwingereza Arthur C. Clarke aliandika kwenye gazeti la mambo ya redio kwamba satelite tatu zikiwekwa kwa urefu huo zingeweza kufikisha matangazo karibu dunia yote. Wakati ule hakukuwa hata satelite moja. Ya kwanza, Sputnik ya Warusi, iliruka tarehe 4 mwezi wa kumi 1957.

Mwaka 1963 Waamerika walirusha Syncom 2. Hiyo ndiyo ya kwanza iliyofaulu kuzunguka kwa wakati moja na Dunia. Tarehe 23 mwezi wa nane mwaka ule, prezida John Kennedy aliongea kwa telefone kupitia satelite hiyo na waziri wa kwanza wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa. Antene ya upande wa Afrika ilikuwa ndani ya meli Kingsport, kwenye bandari ya Lagos. Lakini njia ya Syncom 2 ilikuwa imeinama karibu digri 33 kutoka Ikweta. Mutu wa chini angeweza kuiona, angeona inapanda kaskazini na kushuka kusini kila siku, ikiandika umbo la namba 8 mbinguni. Parabole iliyofungwa kwa ukuta ingeipoteza. Mwaka uliofuata, mwezi wa nane 1964, Syncom 3 iliwekwa juu ya Ikweta yenyewe, bila kuinama, na mu mwezi wa kumi ilipitisha picha za michezo ya Olimpiki kutoka Tokyo hadi Marekani.

Kuwa karibu na Ikweta kunasaidia pia wakati wa kurusha. Roketi inayoondoka hapo inabebwa tayari na ile mbio ya kilometa 1,670 kwa saa, wakati Paris inasogea karibu 1,100 tu. Ndiyo maana Ulaya inarushia satelite zake Kourou, mu Guyane ya Wafaransa, kama digri 5 kaskazini ya Ikweta. Waitalia nao walikuwa na jukwaa lao baharini karibu na Malindi, Kenya. Satelite moja ya utafiti iliyorushwa kutoka hapo tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Yenyewe ilizunguka chini chini, lakini ilifaidika na ule musukumo wa Ikweta.

Parabole zetu zinaangalia wapi

Mustari wa Ikweta unapita ndani ya Congo. Unapita karibu na Mbandaka, na jimbo la Equateur limepata jina lake humo. Unapita pia karibu kabisa na Butembo, mbele ya kuingia Uganda. Ni kusema ile barabara ya satelite iko juu ya vichwa vyetu, toka mashariki hadi magharibi.

Ndugu zetu wa Brussels wanaijua tofauti: parabole zao zote zinaangalia upande wa kusini, zikiwa zimeinama. Zetu za Kivu zinaangalia mashariki, magharibi ao karibu juu kabisa. Goma iko kwenye longitude 29 hivi ya mashariki. Parabole ya Goma inayotafuta satelite ya longitude 36 ya mashariki inapaswa kuangalia karibu juu ya kichwa, kwa kiasi cha digri 80 na zaidi. Ile inayotafuta satelite ya longitude sifuri, juu ya ghuba la Guinea, inaangalia magharibi, kwa digri 56 hivi. Huko kwenye longitude sifuri ndiko kuko Meteosat, satelite ya hali ya hewa ya Ulaya, inayopiga picha za mawingu ya Afrika muchana na usiku, kila baada ya dakika chache. Lubumbashi, kwa sababu iko kusini zaidi, parabole zake zinainama kidogo upande wa kaskazini.

Kubaki pale ni kazi

Mbio ikishapatikana, satelite inazunguka yenyewe. Lakini kuko vitu vinavyoisukuma polepole. Mwezi na jua vinaivuta na kuinamisha njia yake, karibu digri moja kila mwaka. Dunia yenyewe haiko muviringo kamili, hata ukiikata kwenye Ikweta: huku imevimba kidogo, kule imebonyea. Satelite ingeachwa bila kulindwa juu ya Congo ingeanza kuteleza polepole upande wa mashariki, kuelekea juu ya bahari ya Hindi. Hata mwangaza wa jua unaisukuma kidogo.

Ndiyo maana wafanyakazi wa chini wanaichunga kila siku. Ikianza kutoka, wanawasha vimotere vyake kwa muda mufupi na kuirudisha. Kwa kawaida wanaiacha icheze ndani ya sehemu ya digri 0.1 hivi kila upande, ni kusema kilometa 70 na kidogo. Kwetu chini ile ni nukta tu, na parabole ya nyumbani haisikii tofauti.

Kazi hiyo inakula mafuta, na huko hakuna stasio ya kununua mengine. Kwa satelite mingi, mafuta yanapokaribia kuisha ndipo mwisho wa kazi unafika, hata kama vyombo vingine vinafanya muzuri. Yale ya mwisho yanatumiwa kuipandisha karibu kilometa 300 juu zaidi, kwenye makaburi ya satelite, ili iachie wengine njia.

Afrika ililipia somo hilo. Tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili 2007, satelite ya RASCOM, shirika la inchi za Afrika kwa mambo ya mawasiliano, iliruka kutoka Kourou. Jina lake lilikuwa RASCOM-QAF1, na ilitazamiwa kufanya kazi miaka 15. Mbele ya kufika fasi yake, gesi ya heliamu inayosukuma mafuta ndani ya mabomba ikaanza kuvuja. Ilifika, lakini uhai wake ukapunguzwa hadi miaka kama miwili. Nyingine ya kuchukua nafasi yake ilirushwa mu mwezi wa nane 2010. Vyombo vya mawasiliano havikuwa na shida. Kilichokosa ni nguvu ya kubaki njiani.

Jua linapopita nyuma ya satelite

Hapa ndipo makuta ya wengi yanapotea. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 ya mwezi wa tatu na tarehe 22 ya mwezi wa tisa, jua linapita juu ya Ikweta. Kwa siku chache, kwa saa ile ile kila siku, linapita nyuma kabisa ya satelite ukitazama kutoka kwa parabole yako. Jua nalo linatoa mawimbi ya redio, tena makali. Linafunika sauti ndogo ya satelite, na picha inakatika dakika chache, halafu inarudi yenyewe.

Namna ya kuitambua si nguvu. Mbingu iko wazi, mvua haiko, picha inakatika karibu saa ile ile ya jana, na inarudi bila mutu kugusa kitu. Kwa satelite za upande wa magharibi inatokea kisha saa sita ya muchana. Kwa zile za mashariki, mbele yake. Ukiona vile mu miezi hiyo, usipande juu ya nyumba na usikubali mutu afungue buloni. Parabole ilikuwa sawa. Ukiigeuza ndipo unaiharibia. Lakini kama picha imepotea toka asubui hadi magaribi, ao kisha upepo mukali, hapo jua halina kosa: angalia waya, halafu ita fundi.

Ile njia ni ya nani?

Urefu ni moja, mustari ni moja, na satelite zikikaribiana sana zikitumia mawimbi yale yale zinavurugana. Kwa hiyo fasi zina mwisho. Tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili 1976, inchi za Ikweta zilikutana Bogotá, mu Colombia. Zaire ilikuwepo, pamoja na Congo-Brazzaville, Uganda, Kenya, Colombia, Ecuador, Indonesia na wengine. Zilitangaza kwamba kipande cha njia kilicho juu ya kila inchi ni mali yake ya asili, sawa vile misitu na madini. Hoja yao ilikuwa hii: njia hiyo inapatikana kwa ajili ya uvutano wa Dunia na juu ya Ikweta peke yake, basi haiko sehemu ya anga la wote. Na waliogopa kwamba inchi tajiri zingejaza fasi zote mbele ya wengine kuwa na uwezo.

Dai hilo halikukubaliwa. Mukataba wa anga wa mwaka 1967 unasema hakuna inchi inaweza kujifanyia anga kuwa mali yake. Na kwa upande wa sayansi, kinachoshika satelite ni uvutano wa Dunia nzima, si ule wa udongo wa Mbandaka ao Butembo peke yake. Lakini woga wao ulikuwa na musingi. Fasi zinapangwa na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao Genève, na kwa muda murefu aliyefika kwanza ndiye aliyepata. Mwaka 1988 mukutano wa ITU ulimaliza mupango unaowekea kila inchi angalau fasi moja kwa sehemu ya mawimbi. Fasi kwenye karatasi ni kitu moja. Kuwa na satelite, na mafuta ya kuibakiza pale miaka 15, ni kitu kingine.

Leo kuko pia satelite za chini, kama zile za Starlink, zinazopita kilometa 550 hivi juu. Hizo hazifuatane na Dunia: zinazunguka kwa saa moja na nusu na kidogo. Ndiyo maana zinahitajika maelfu, na antene yake inapaswa kufuata moja, kuiacha na kushika ingine, bila wewe kujua. Zinajibu haraka sababu ziko karibu. Lakini kwa kutuma shene moja ya televizion kwa mamilioni ya nyumba, kutoka Dakar hadi Bunia, satelite moja ya juu na sahani ya chuma iliyofungwa kwa ukuta bado zinatosha, kila moja ikibaki kwenye fasi yake.